Kastabini na Upinde Ndani ya Kidonge cha Moyo

Usiku ule tulimtoa mama mdogo nyumbani Kibokoni kwa tuktuk, kichwa amekiegemeza begani kwa bintiye, mtandio umemfunika hadi kwenye paji la uso. Ilikuwa siku ya tatu hali chakula. Wali ulimnukia vibaya, chai aliirudisha, na kila alipotupia jicho taa ya sebuleni alirudia neno moja: "Mbona taa hii yanigeukia manjano?" Tukadhani ni macho. Mtu wa miaka sabini, tuliambiana, macho yake hayana budi kuchoka.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipomshika mkono kupima mapigo, haraka ile ilimwisha. Alitazama saa yake, akahesabu, akahesabu tena.

"Shikamoo mama. Unatumia dawa gani?"

Mama mdogo hakujibu. Tukajibu sisi: "Dawa ya moyo, daktari."

"Ipi?"

Tulikuwa watu wazima wanne mbele ya kitanda kile, wote tumesoma, na hakuna aliyeweza kutaja jina la kidonge ambacho mzazi wetu alikimeza kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka. Binamu yangu alirudi nyumbani mbio, akaleta mfuko mzima wa dawa. Daktari akaumwaga juu ya shuka, akachambua, akatoa visanduku viwili vya rangi mbalimbali. Kimoja kiliandikwa jina la dawa yenyewe. Cha pili kiliandikwa jina la kibiashara kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa na miwani, jina lile lile la kwanza. Vyote viwili vilikuwa digoksini. Kimoja kilikuwa cha zamani, kingine tulikinunua baada ya kliniki ya mwisho, nasi tukaamini kwamba ameongezewa dawa. Kwa wiki tatu mama mdogo alikuwa akimeza maradufu. Kosa lilikuwa letu sisi wa nyumbani, tuliompangia vidonge juu ya kisahani kila asubuhi bila kusoma kilichoandikwa.

Alipona. Dawa ilisimamishwa, akawekwa chini ya uangalizi kwa siku kadhaa, mapigo yakapanda pole pole, na manjano ikatoka kwenye taa. Mimi nimebaki na lile swali la daktari la neno moja: ipi?

"Dawa ya moyo" si jina. Hapa Mombasa tunaita hivyo kidonge cha presha, kidonge cha kukojoza, aspirini ndogo ya kuzuia damu isigande, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, na digoksini. Ni kama kwenda soko la Kongowea ukauliza, "Mmemuona yule muuzaji?" Na kati ya dawa hizo zote, digoksini ndiyo yenye nafasi finyu zaidi baina ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru. Kidonge chake cha kawaida kina robo ya miligramu tu. Robo hiyo ikifaa, moyo unatulia. Robo mbili kwa mwili usiozihitaji, kwa figo zilizochoka za mtu mzima, na unaanza kutapika, kuona manjano, na moyo kujisahau katika hesabu yake.

Linaniuma zaidi kwa sababu sisi si watu wa kuita dawa ovyo. Pita Mwembe Tayari kwa wauza miti shamba, au ingia Marikiti kwenye viungo, utasikia kila kitu kinaitwa kwa maana yake. Mwarobaini ni mti wa maradhi arubaini. Habasoda ni punje nyeusi, Kiarabu kitupu kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Shubiri imeingia hata katika mazungumzo ya kila siku, kitu kikawa chungu kama shubiri, na mama wa pwani huipaka kwenye ziwa mtoto akitaka kuachishwa. Muuzaji anakupa jina, jina linakupa habari, na habari inakaa kichwani bila kuandikwa. Kwenye dirisha la famasia ndipo tunapopokea bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x1" na kuondoka tukiamini kwamba majina ya vidonge ni milio tu, haina maana kwa mtu asiye daktari.

Ina maana. Jina la digoksini nimelichimba kwa muda sasa, na kila nilipochimba nimekuta kitu ambacho mtu wa Mombasa anakijua kwa mikono yake.

Chukua nusu yake ya kwanza. Mwaka 1542, mjini Basel, ulichapishwa mkusanyo mkubwa wa mimea ulioandikwa na tabibu Mjerumani, Leonhart Fuchs. Miongoni mwa mimea iliyochorwa humo ulikuwamo mmoja unaoota Ulaya, mrefu, wenye maua ya zambarau yaliyoning'inia kama kengele upande mmoja wa shina. Fuchs alitafuta jina lake katika Kigiriki na Kilatini asilione. Wajerumani wa kawaida walikuwa nalo: waliuita Fingerhut, kofia ya kidole, yaani kastabini. Ua lile linaingia kwenye ncha ya kidole kama kile kikofia cha chuma cha mshonaji. Fuchs akalichukua jina la watu akalivika Kilatini: Digitalis, kutoka digitus, kidole. Kwa hivyo mwanzo wa jina la dawa ya mama mdogo ni kastabini, au subana kama wengine wanavyoiita, na mama mdogo ameshona kofia kwa mkono tangu ujanani. Kidole chake cha kati kina alama ya kastabini isiyotoka.

Waingereza mmea huo huo wanauita glavu ya mbweha. Wakatokea wajuzi wa karne ya 19 waliosema haiwezekani, mbweha na glavu wapi na wapi, lazima neno la asili halikuwa fox, mbweha, bali folk, "watu", wale watu wadogo wasioonekana wa hadithi za Ulaya, ambao sisi tungewaweka katika hesabu ya majini. Ni hadithi tamu. Lakini maandishi ya Kiingereza cha zamani sana, ya kabla ya vitabu kuchapishwa, yanasema mbweha waziwazi. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu nasi tuna utamu wa namna hiyo unaotuita.

Jinsi ua la kastabini lilivyokuwa dawa ni habari yenye mtu aliyefichwa ndani yake. William Withering, daktari wa Uingereza, aliulizwa mwaka 1775 maoni yake juu ya dawa ya siri ya mwanamke mmoja mzee wa Shropshire, aliyekuwa akiwaponya wagonjwa waliovimba maji mwilini baada ya madaktari kushindwa. Mchanganyiko wa mwanamke yule ulikuwa na majani ishirini au zaidi. Withering alikuwa mjuzi wa mimea, akatambua kwamba linalofanya kazi ni lile la Digitalis. Alifuatilia wagonjwa wake miaka kumi, akatoa kitabu mwaka 1785. Ninachomheshimu zaidi si ugunduzi, ni kipimo. Alifundisha kwamba dawa itolewe mpaka ioneshe dalili katika figo, tumbo, mapigo au choo, na dalili ya kwanza ikitokea tu, isimame. Alikuwa ameona wanachofanyiwa wagonjwa na waganga wasiojua kusimama. Maneno yale yangefika sebuleni kwetu, mama mdogo asingeonja siku ya pili ya kichefuchefu.

Sasa nusu ya pili ya jina, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mwaka 1875 mwanasayansi wa dawa Oswald Schmiedeberg, akifanya kazi Strasbourg, alitenga kutoka majani ya Digitalis kiini kikali alichokiita digitoksini. Digi ya kastabini, kisha toksini. Mwaka 1930 mkemia Sydney Smith wa Uingereza alitenga kiini jirani kutoka mmea mwingine wa ukoo huo huo, Digitalis lanata, ambao jina lake la pili linamaanisha wenye manyoya kama ya kondoo. Kiini hicho kikaitwa digoksini: jina la ndugu yake likapunguzwa silabi moja katikati. Ndiyo dawa iliyobaki hadi leo, na bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Toksini wengi wetu tunajua ni sumu. Lakini neno hilo halikuanza kama sumu. Kwa Kigiriki cha kale toxon ni upinde. Walikuwa wakisema toxikon pharmakon, dawa ya upinde, na maana yake ni ile dutu ya kupaka kwenye ncha ya mshale. Kadiri karne zilivyopita, neno la "dawa" likadondoka njiani, la "upinde" likabaki peke yake, likashika maana ya sumu ya kila namna. Kwa hivyo kidonge kile cheupe cha asubuhi kimebeba kastabini upande mmoja na upinde upande wa pili. Chombo cha kukinga kidole na chombo cha kuua, jina moja.

Na hapa pwani, upinde huo si habari ya Wagiriki.

Panda juu kutoka Mombasa, uvuke Mazeras na Mariakani kuelekea nyika, au fuata barabara ya Kilifi kisha ukate ndani. Hiyo ni nchi ya watu waliojua sumu ya mshale kuliko wengi duniani: Wagiriama na Mijikenda wenzao, Wakamba, na Waata, wawindaji wa tembo wa nyika za Tsavo. Sumu yao ilitoka kwenye mti ambao wataalamu wanauita Acokanthera, na sisi kwa Kiswahili tunauita msungu. Mbao na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ibaki lami nyeusi, na mshale uliopakwa hufungwa ngozi ili sumu isikauke. Wasafiri wa zamani wameandika jinsi fundi alivyoijua nguvu yake: alijikwaruza, akaiacha damu ichirizike, akagusa sumu mwisho wa chini wa mchirizi, akatazama wekundu unavyogeuka weusi ukipanda, na akaufuta kabla haujafika kwenye kidonda. Mtu huyo na Withering hawakujuana, lakini walishika elimu moja: jua pa kusimama.

Viini vya msungu ni ndugu wa digoksini. Si ndugu kwa kufananishwa, ni ndugu kwa umbo la molekuli na kwa kazi. Hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya mistari, anaujua mti huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa na Jonathan Kingdon na wenzake, ulionesha kwamba hutafuna gamba la msungu na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni, ili mbwa anayemng'ata aipate.

Sikiliza majina sasa. Kigiriama mti ni mtsungu, na utsungu ni uchungu, ni maumivu, na ni sumu ya mshale, neno moja kwa yote matatu. Kimvita tunasema utungu: utungu wa mwana aujuaye mzazi. Kiunguja, uchungu. Na sumu ya mti wa msungu ni usungu. Tena mfuatano wa sauti hizo, t ya Mvita dhidi ya ch ya Unguja, si wa bahati. Ndio huo huo wa mtele na mchele. Kwa hivyo ninaamini maneno haya ni ya ukoo mmoja, na kwamba wazee wa pwani walishasema katika neno moja kile ambacho Wagiriki walikisema kwa mawili: kinachochoma ulimi, kinachouma mwilini na kinachoua ni kitu kimoja kwa viwango tofauti. Neno sumu lenyewe tulilipokea baadaye kutoka Kiarabu, likaja safi na kali, likatenga kile ambacho uchungu ulikuwa umekiunganisha. Neno dawa pia ni la Kiarabu, lakini hilo tulilipa upana wa zamani. Tunasema dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya mende, na hakuna anayeshangaa kwamba dawa inaua. Pharmakon ya Wagiriki ilikuwa hivyo hivyo, tiba na sumu chini ya paa moja.

Uchungu huo uliwahi kumwingia mdomoni mtu maarufu. Katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, kati ya 1858 na 1863, daktari na mjuzi wa mimea alikuwa John Kirk, yule ambaye baadaye alikaa Unguja kama balozi na kushiriki katika mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Kirk alikuwa amebeba sumu ya mshale ya watu wa kule pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Hakuyapuuza. Mmea ulipelekwa Uingereza, na Thomas Fraser wa Edinburgh akauchunguza na kutoa dawa ya moyo, strofanthini, iliyotumika Ulaya kwa miaka mingi. Mmea wenyewe uliandikwa Strophanthus kombe. Neno la kwanza ni la Kigiriki, ua lililosokotwa kama kamba, kwa sababu petali zake huning'inia ndefu na kujiviringa. La pili halikutoka Ulaya. Ni jina lililochukuliwa kutoka vinywani mwa wenyeji wa bonde lile.

Hapo ndipo msomaji wa Mombasa anaposhtuka, kama nilivyoshtuka mimi. Kombe! Nani hapa asiyejua kombe? Sahani nyeupe, aya za Qur'ani zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanywa. Mama mdogo mwenyewe aliletewa kombe wiki ile aliyotoka hospitali, na mwalimu aliyeliandika ni mtu tunayemheshimu. Dawa ya moyo inaitwa kombe, na kombe ni dawa: ni rahisi mno kuziunganisha mbili hizi na kutangaza kwamba Waswahili ndio walioipa dunia jina.

Sitaunganisha. Kombe letu ni chombo kwanza, sahani pana, na tiba imepata jina la chombo chake. Kombe la Zambezi ni mmea na sumu yake. Maneno mawili yanaweza kukutana kwa sauti kama watu wawili walioitwa Juma bila kuwa ndugu. Tofauti ya hapa na ule mfano wa utungu na utsungu ni kwamba kule sauti zinabadilishana kwa kanuni inayoonekana katika maneno mengine mengi, na maana zinashikana, na wasemaji ni majirani. Kwa kombe tuna mlio tu. Tukifurahia mlio tutakuwa tumefanya walichofanya wale wajuzi wa Kiingereza waliomfukuza mbweha ili waweke majini. Kupenda lugha yako ni pamoja na kukataa kuipa kisicho chake.

Hasa kwa kuwa lipo jina la dawa ya moyo ambalo kweli ni la majirani zetu. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Albert Arnaud alitenga fuwele kutoka mti wa ukoo wa msungu uliotoka nchi ya Wasomali. Wasomali wanauita waabaayo, sumu. Wafaransa waliandika walivyosikia, kwa tahajia yao, ouabaïo, na kiini kikaitwa ouabain. Ukiliandika jina hilo kwa tahajia ya Kiswahili, wabaini, linarudi karibu zaidi na mdomo wa Msomali kuliko lilivyo Paris. Linalonigusa ni hili: mti huo huo unaota kwetu, ukiwa na majina ya Kigiriama, ya Kikamba na ya Kiswahili. Sumu hiyo hiyo ilipakwa mishale mwendo wa siku chache kutoka Ngome ya Yesu. Kilichoamua jina la kimataifa ni nani aliulizwa, na aliyeuliza alikuwa wapi siku ile. Angeuliza Rabai, maabara za dunia leo zingekuwa zinasema usungu.

Na jina la wabaini maabara hizo hulitaja kweli, kwa sababu wabaini haikuishia kwenye mshale. Ndiyo iliyotumika kufahamu jinsi seli zetu zinavyojitunza. Kila seli ina pampu ndogo kwenye ngozi yake, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akatunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi hiyo. Wabaini na digoksini huziba pampu hizo. Ikizibwa kidogo, sodiamu inajikusanya ndani ya msuli wa moyo, kalisiamu inafuata, na msuli unakaza kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo dawa inaongeza nguvu ya mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo, mapigo yanapungua. Moyo uliokuwa ukihaha kama mtu aliyekosa feri ya Likoni unapiga polepole na kwa uzito. Ikizibwa sana, mpangilio unavunjika. Tembo aliyepigwa mshale na mama mdogo aliyemeza vidonge viwili waliguswa mahali pale pale.

Ndiyo maana vile vidonge vya kukojoza vinaleta shida visipofuatiliwa: vinatoa potasiamu kwa mkojo, na potasiamu ikipungua digoksini inapiga kwa nguvu zaidi hata kama kipimo hakijabadilika. Hilo si jambo la mtu kujirekebishia mwenyewe kwa madafu na ndizi, ni la kupimwa damu. Na ndiyo maana ninaogopa nikiona ua la olianda, jekundu au jeupe, limekatwa kwenye ua wa nyumba na watoto wanachezea matawi yake. Mmea huo tuliupanda kwa uzuri wake, lakini kiini chake ni cha kundi hili hili.

Wapo watakaoniambia kwamba mgonjwa hana haja ya Kigiriki, ana haja ya kunywa dawa yake kwa wakati. Nimelisikia hilo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na ninalikataa kwa ushahidi wa nyumbani kwetu. Mama mdogo alielezwa mara tatu na wahudumu watatu kwamba ana digoksini na asiichanganye. Neno lilipita. Nilipokaa naye barazani nikamwambia kwamba mwanzo wa jina hilo ni kastabini yake, na mwisho wake ni upinde wa Mgiriama, alinyamaza, akakitaka kisanduku, akakisoma mwenyewe kwa miwani. Kichwa hushika jina lenye picha.

Wapo pia wanaotaka tutafsiri kabisa, kidonge kiandikwe kwa Kiswahili kitupu. Hapo nao siwaungi mkono. Mombasa ni mji wa dawa zinazosafiri. Shangazi yuko Muscat, kaka yuko Jeddah, mwingine Dubai, na kila anayerudi ana mfuko wa vidonge aliokabidhiwa kwa ajili ya mgonjwa fulani. Tangu 1953 Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha orodha za majina ya dawa yasiyo ya biashara, ili kitu kimoja kijulikane kwa jina moja popote kiendako. Jina hilo ndilo kamba yetu. Tukilikata tutarudi kwenye visanduku viwili juu ya shuka. Ninachotaka ni jina lile lile, likiwa na maana yake kwa Kiswahili pembeni, na likisemwa kwa sauti.

Basi kwenye famasia, kabla ya ile "1x1", liandikwe jina la dawa yenyewe, kubwa kuliko la kibiashara. Mhudumu aulize: "Unayo nyingine yenye jina hili nyumbani?" Swali hilo linachukua muda wa kuhesabu chenji. Na walimu wetu wa Kiswahili, wanaojua kufundisha ngeli na methali, wawape watoto pia utungu, utsungu na usungu katika somo moja, waone kwamba lugha ya nyanya zao ilikuwa na famasia ndani yake.

Mama mdogo sasa anameza nusu kidonge, na kila asubuhi binti yake humhesabia mapigo kwanza kama walivyoelekezwa kliniki. Jioni ile ya barazani nilimsimulia yote, Fuchs na kastabini, Kirk na mswaki, Withering na wagonjwa wake. Alisikiliza huku akitunga uzi. Nilipomaliza alirudi nyuma, kwa yule mwanamke wa Shropshire mwenye majani ishirini.

"Na yeye," akauliza, "jina lake aitwa nani?"

Nikamwambia Withering hakuliandika.